"Namba 17 ulipata ngapi?" Gumzo la langoni linavyomdhuru mtahiniwa

Simama nje ya lango la shule yoyote ya upili ya kutwa mjini, iwe ni Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, mwezi wa Novemba, dakika chache baada ya karatasi ya kwanza ya Hisabati kumalizika. Watahiniwa hutoka wakiwa kimya kwa hatua ishirini hivi. Kisha mmoja wao hugeuka akamwuliza mwenzake: "Namba kumi na saba ulipata ngapi?"

Kabla swali hilo halijajibiwa, vikundi vimekwisha kujitenga chini ya miti. Huyu anaandika kiganjani kwa kalamu, yule anachora pembetatu mchangani kwa kijiti. Mmoja anacheka kwa sauti na kugongana viganja na rafiki yake. Na pembeni yupo aliyepata 42 ilhali wenzake watatu wamepata 36. Huyo hataongea tena mpaka afike nyumbani, na jioni akiitwa mezani atasema ameshiba.

Huenda, msomaji, huyo ni mwanao, au mdogo wako, au ni wewe mwenyewe unayelisoma gazeti hili baada ya baba kulimaliza. Utauliza jambo hili linahusiana vipi na kurasa za afya, ambazo umezoea kuzisoma zikieleza habari za malaria na shinikizo la damu. Linahusiana sana. Anachokifanya mtahiniwa katika saa moja au mbili baada ya kuweka kalamu chini kinaweza kuamua atalala vipi usiku huo, tumbo lake litakuwaje kesho yake na, zaidi ya hayo yote, atakumbuka kiasi gani katika karatasi inayofuata.

Deni la mchana

Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 kufika kidato cha nne, na tangu hapo ndio umekuwa mlango wa chuo kikuu. Gredi ya A katika somo moja ni pointi 12, ya E ni pointi 1, na masomo saba yanayohesabiwa yakijumlishwa hufikia pointi 84. Anayepata wastani wa C+ kwenda juu ndiye anayehesabiwa kuwa amehitimu kusomea shahada. Mwaka 2024 watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na waliofika C+ walikuwa takribani robo yao tu. Kundi la mwisho la 8-4-4, wale waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, zamu yao imepangiwa mwaka 2027.

Ukiyaweka hayo kichwani utaelewa ni kwa nini kijana wa miaka 17 anaweza kutetemeka kwa ajili ya swali moja la alama 10. Amesomeshwa kwa miaka minne, pengine kwa mkopo wa chama cha akina mama au kwa kipande cha shamba kilichouzwa, na sasa yote hayo yanapimwa kwa muda wa wiki chache.

Lakini angalia kwamba ni wiki chache, si siku moja. Karatasi hupangwa moja baada ya nyingine hadi Novemba iko karibu kwisha, na ziko siku ambapo kuna karatasi asubuhi na nyingine baadaye siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ubaya wa gumzo unapoanzia. Anayeililia karatasi ya asubuhi bado ana deni la mchana, na machozi yake hayawezi kubadili hata nukta moja ya ile iliyokwisha kufungwa ndani ya bahasha.

Pundamilia na mtahiniwa

Mtu anaposhtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, damu hukimbilia misuli ikapungua tumboni, ndiyo sababu tumbo husokota na wengine huharisha asubuhi ya mtihani. Muda mfupi baadaye hufuata homoni nyingine iitwayo kotisoli, ambayo pamoja na kazi zake nyingine huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu za kukimbia au za kupigana. Utaratibu huu si ugonjwa. Ni kinga aliyozaliwa nayo binadamu, na kiasi kidogo chake humsaidia mtahiniwa kukaa macho na kufikiri haraka. Anayeingia katika chumba cha mtihani bila wasiwasi wowote naye ana tatizo lake.

Taabu huja pale kinga hiyo inapokataa kuzimika. Mwanasayansi wa Marekani Robert Sapolsky, ambaye kwa miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwachunguza nyani wa Maasai Mara hapa kwetu, amelieleza jambo hili kwa mfano wa pundamilia. Pundamilia akifukuzwa na simba, mwili wake wote huwaka. Simba akishindwa na kwenda zake, baada ya muda mfupi pundamilia amerudi kula nyasi. Hakai akijiuliza kama angepaswa kukata kona ya kushoto. Binadamu, kwa sababu ya akili zake nyingi, anaweza kuendelea kufukuzwa na simba ambaye hayupo.

Karatasi ikishakusanywa, simba ameondoka. Gumzo la langoni ndilo linalomwita arudi, na mwili hauwezi kutofautisha simba wa kweli na wa kusimuliwa. Kijana akiambiwa kwamba jibu lake la namba 17 si sahihi, tezi zile zile hufanya kazi ile ile kana kwamba mtihani umeanza upya, ila safari hii hana kalamu wala karatasi ya kumwezesha kufanya lolote.

Je, kuna ushahidi kwamba hali hiyo huharibu karatasi inayofuata? Upo. Mwaka 2000 Dominique de Quervain na wenzake mjini Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wazima wenye afya njema. Walijifunza orodha ya maneno leo, na kesho yake wakaulizwa waliyoyakumbuka. Waliopewa dawa ya kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, saa moja kabla ya kuulizwa, walikumbuka maneno machache kuliko walivyokumbuka walipopewa kidonge kisicho na dawa. Maneno walikuwa wameyajifunza vizuri. Yalikuwamo kichwani. Ila njia ya kuyafikia ilikuwa imezibwa kwa muda.

Mwalimu yeyote wa kidato cha nne atakuambia amewahi kuiona hali hiyo bila kuhitaji kwenda Uswisi. Mwanafunzi hodari hutoka katika karatasi ya kwanza akiwa sawa, akasimama na wenzake nusu saa, akaingia katika ya pili akiwa ameduwaa, na jioni akasema, "Mwalimu, nilikuwa nayajua yote lakini hayakuja."

Hapa niweke jambo moja sawa, maana wazazi wengi hulikosea. Mara nyingi husikika kwamba mtoto "amepata vidonda vya tumbo kwa sababu ya mawazo ya mtihani". Mawazo yanaweza kulichafua tumbo, na yanaweza kumzidishia maumivu yule ambaye tayari anaumwa. Lakini vidonda vyenyewe kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliomgundua bakteria huyo katika miaka ya mwanzo ya 1980, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa hivyo, kijana ambaye tumbo lake linamchoma wiki nenda wiki rudi apelekwe hospitali apimwe. Asiambiwe tu kwamba yatakwisha akimaliza mtihani. Na asimeze vidonge vya kichwa tumboni mkiwa hamna kitu kila anapotoka katika karatasi.

Kumbukumbu si kaseti

Sasa tuseme, kwa ajili ya ubishi, kwamba gumzo hilo halimshtui mtu. Je, lina faida gani? Wanaolitetea husema kwamba linamsaidia mtahiniwa kujua amesimama wapi. Mimi siafikiani nao, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba karatasi nyingi za KCSE, zikiwemo za Hisabati na za sayansi, hujibiwa papo hapo kwenye kijitabu cha maswali, na kijitabu hicho hukusanywa. Mtahiniwa hutoka mikono mitupu. Kila kinachojadiliwa chini ya mti kinatoka kichwani, na kichwa hakirekodi mambo kama kaseti. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus, pamoja na John Palmer, aliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari kisha akawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Walioulizwa kwa neno kali, kwamba magari hayo "yalipobamizana", walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno la upole, kwamba "yalipogongana". Wiki moja baadaye wengi zaidi miongoni mwa wale wa neno kali walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Ikiwa neno moja linaweza kumwekea mtu mzima vioo machoni, fikiria sauti tatu zenye uhakika zinavyoweza kumfanya kijana aliyechoka. Aliandika 36, lakini baada ya nusu saa ya ubishi hana hakika tena. Pengine aliandika 42. Pengine hakugeuza ukurasa wa mwisho. Huenda usiku huo analia kwa sababu ya kosa ambalo hakulifanya. Na mara nyingi mwenye sauti kubwa kuliko wote kikundini si yule aliyefanya vizuri. Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma.

Sababu ya pili ni jinsi karatasi zinavyosahihishwa. Watahiniwa hujadili jibu la mwisho. Msahihishaji hatazami jibu la mwisho peke yake. Katika Hisabati alama zimegawanywa kwa herufi: M ni ya njia iliyotumika, A ni ya jibu lililotokana na njia hiyo, na B ni ya jambo linaloweza kutolewa alama bila kutegemea hesabu nyingine. Katika swali la alama tatu, aliyekwenda njia sahihi akakosea kujumlisha mwishoni anaweza kuondoka na mbili. Yule aliyepata 42 badala ya 36 katika swali la alama 10 hajapoteza alama 10. Isitoshe, namba 17 iko katika sehemu ya pili, ambapo mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane. Wapo wanaoingizwa katika ubishi wa swali ambalo hawakulichagua, wakaanza kujuta kwamba hawakulichagua!

Kichekesho kikubwa zaidi ni katika jaribio la Kemia, ile karatasi ya tatu, wanapomimina asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Watahiniwa wakitoka huulizana, "Wewe ulisoma ngapi?" Wa shule moja amepata 24.5, wa shule jirani aliyekutana naye katika matatu amepata 22.8, na mmoja wao anashuka kituoni akiwa amekata tamaa. Wote wawili wanaweza kuwa sawa kabisa. Myeyusho hutayarishwa katika kila shule, mwalimu hufanya jaribio lile lile, na usomaji wa shule hiyo ndio kipimo cha kusahihishia wanafunzi wake. Kulinganisha nambari za shule mbili ni sawa na kulinganisha chumvi ya mchuzi wa nyumba mbili.

Na insha je? Nimewasikia vijana wakibishana kwa nusu saa kama methali fulani ilipaswa kuandikiwa kisa cha ulafi au cha tamaa. Insha husomwa kwa maudhui, mtindo, msamiati na sarufi kwa pamoja. Hakuna awezaye kuisahihisha insha yake chini ya mti kwa kuisimulia.

Marafiki wanaotafunana

Usinielewe vibaya. Sisemi kijana atoke katika mtihani afunge mdomo kama bubu. Kuzungumza na rafiki hupunguza mzigo, na anayenyamaza kabisa ndiye wa kutiliwa shaka zaidi. Tofauti iko katika namna ya kuzungumza.

Mwanasaikolojia Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alichapisha mwaka 2002 uchunguzi wake kuhusu tabia ya marafiki kulitafuna tatizo moja pamoja, wakalirudia tena na tena na kukaa juu ya machungu yake, kama ng'ombe anavyocheua. Alikuta kwamba tabia hiyo huandamana na urafiki wa karibu zaidi, na papo hapo huandamana na wasiwasi na huzuni zaidi. Aidha, aliiona zaidi kwa wasichana kuliko kwa wavulana. Hilo linaeleza kwa nini gumzo hili ni gumu kuachwa. Anayejiondoa kikundini huhisi anawasaliti wenzake, na wenzake nao humwona anaringa.

Kwa hivyo, wewe mtahiniwa, ukiona vigumu kuondoka, tafuta la kufanya ambalo haliwezi kukusumbua. Mkabidhi mwenzako mmoja, kabla ya mtihani kuanza, ahadi kwamba mtatoka pamoja na kwenda moja kwa moja mlo au kituo cha basi, mkizungumzia mpira au hata uvumi wa mtaani. Mkiulizwa namba 17, jibu "nimesahau". Si uwongo mkubwa, kwa maana nusu yake umekwisha kuisahau kweli.

Kama karatasi nyingine inakuja baada ya saa moja, ule kitu chepesi na unywe maji. Tembea. Moyo ukikwenda mbio na vidole vikaanza kufa ganzi au kuchonyota, usiogope kwamba una ugonjwa wa moyo. Mara nyingi ni kwa sababu unapumua haraka mno na kuitoa hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyotakiwa. Vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa, ukiwa umeketi. Ile desturi ya zamani ya kupumua ndani ya mfuko wa karatasi haipendekezwi tena, maana kama tatizo ni pumu inaweza kukudhuru. Wenye pumu wawe na kipulizio chao karibu siku zote za mtihani, kwa sababu hofu na kilio kikali vinaweza kuiamsha.

Wapo watakaouliza kuhusu mtihani wa moko. Huo ni mwingine kabisa. Baada ya moko jadilianeni mpaka mchoke, mkiwa na karatasi zilizosahihishwa mkononi na mwalimu karibu. Kosa linalorekebishwa mapema hukaa kichwani kama funzo. Walimu wenye bidii hulijua hilo. Nisichokielewa ni mwalimu anayewangoja watahiniwa nje ya KCSE yenyewe, akiwauliza maswali yalikuwaje na kuyafanya ubaoni mbele yao, tena kwa furaha, huku bado wana karatasi sita mbele.

Simu nazo zimeliongezea moto jambo hili. Zamani gumzo lilikwisha watu walipoachana kituoni. Siku hizi mwanafunzi wa kutwa hufika nyumbani akakuta "majibu" yametumwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram, mengine yameandikwa na watu wasiojulikana, na ubishi ukaendelea hadi saa sita usiku. Saa sita usiku ndipo gharama yake inapoonekana. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, na ni wakati wa usingizi ndipo ubongo huyapanga na kuyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha na miguu ndani ya beseni la maji baridi, au kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, anavunja usiku kile alichokijenga mchana. Kafeini haiishi haraka mwilini. Baada ya saa tano hivi, kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake ingali inafanya kazi. Kikombe cha saa moja jioni bado kipo damuni saa sita usiku.

Wewe mzazi

Swali la kwanza ambalo mzazi huuliza mlangoni ni, "Mtihani ulikuwaje?" Halina ubaya moyoni mwako, lakini kwa kijana ni gumzo la langoni linaloanza upya, safari hii mbele ya mtu anayelipa karo. Mwambie maji ya kuoga yako tayari. Mwambie chakula kiko mezani. Akitaka kuzungumza ataanza mwenyewe, pengine akiwa anaosha vyombo wakati ambapo hamtazamani usoni. Akisema karatasi ilikuwa ngumu, usimwambie kwamba binti ya jirani amesema ilikuwa rahisi. Na usiseme "si kitu", kwa sababu kwake yeye ni kitu. Mwulize kesho kuna somo gani na anahitaji nini.

Baba wengine huchukua kalamu na kujaribu kulifanya swali lenyewe. Tafadhali.

Baada ya karatasi ya mwisho huja kipindi kirefu ambacho wengi hukisahau. Miaka ya nyuma matokeo yalikuwa yakitoka Februari au Machi. Yale ya 2016 yalitangazwa tarehe 29 Desemba mwaka huo huo, na ya 2024 yakatangazwa tarehe 9 Januari 2025. Hata hivyo, wiki hizo chache humtosha kijana kukokotoa gredi yake mara mia. Huchukua kijitabu akaandika masomo saba, akajipa pointi kwa kila somo kulingana na yale mabishano ya chini ya mti, akajumlisha, akagawanya, akapata C kavu, akafuta, akaanza tena.

Hesabu hiyo haina msingi, kwa sababu mipaka ya gredi huamuliwa baada ya usahihishaji, na hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka na somo hadi somo. Mwaka 2015 waliopata A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Hakuna mtahiniwa wa 2016 aliyeweza kuliona hilo katika kijitabu chake mwezi wa Desemba. Mpe kazi kijana huyo: akajifunze kompyuta au udereva, aende kwa shangazi yake mashambani, asaidie dukani. Na mweleze mapema, kabla ya matokeo na si baada yake, kwamba stashahada nyingi huanzia C-, kwamba vyuo vya kiufundi vipo, na kwamba mtihani unaweza kurudiwa. Akiyasikia baada ya kufeli ataona ni maneno ya kumfariji tu.

Mchunguze pia. Huzuni ya siku mbili tatu baada ya karatasi mbaya ni ya kawaida. Lakini akikosa usingizi au kulala kupita kiasi kwa wiki mbili mfululizo, akiacha kula, akijitenga na marafiki aliowapenda, akigawa vitu vyake, au akisema afadhali asingekuwapo, usingoje matokeo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kama watu wengi wanavyohofia. Mara nyingi humpunguzia upweke. Usimwache peke yake, na mpeleke katika hospitali iliyo karibu. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Familia nyingi zilikuwa zikificha mambo haya kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo tarehe 9 Januari 2025, siku ile ile matokeo ya KCSE yalipotangazwa. Usiifanye tena kuwa sababu ya kuchelewa.

Siku ya matokeo, omba ruhusa kazini kama unaweza. Kijana akitaka kuyatazama akiwa peke yake chumbani, mwachie simu na umpe dakika kumi. Lakini wewe usitoke nyumbani, na wajomba wanaopiga simu kuuliza amepata ngapi waambie watapigiwa jioni.